Aliyefuta Ngurario ya Nyaruai

Msomaji wangu, wiki jana uliniacha nimepiga magoti chini ya meza, katika studio ya Mzee Osman pale Kitale, bisibisi mkononi, visanduku viwili mbele yangu. Kimoja kizee, kimoja kipya.

Kama hukuwako, usijali. Mimi ni yule Agneta wa Mabanga, mwenye diploma ya kompyuta na mdomo mrefu kuliko diploma yenyewe. Umeshasikia nilivyofukuzwa saibakafe. Umeshasikia nilivyoachwa na mchumba mbele ya shangazi zangu, soda zikiwa zimeshafunguliwa. Hayo yalinipata. Ya leo niliyatafuta mwenyewe.

Kisanduku kizee ndicho kilichohifadhi kila harusi, kila mazishi na kila tohara ambayo studio yetu ilirekodi, ya Kitale na ya tawi letu la Bungoma. Ndani yake mlikuwa na diski nne, na kompyuta zote za studio zilichota humo kwa waya. Feni yake ilikuwa imeanza kukoroma kama mgonjwa wa pumu, ndipo Mzee akaagiza kipya kutoka Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kuzitoa zile diski kwenye kizee na kuziingiza kwenye kipya. Basi.

Lakini diski hizo zilifanya kazi kwa ushirika. Kila video ilikatwa vipande, na kila diski ikabeba chake. Fikiria watu wanne wanaomteremsha mgonjwa kwa kitanda kutoka mlimani Kapsokwony. Wa mbele akikaa nyuma, na wa nyuma akikaa mbele, mgonjwa anaishia mtaroni.

Mzee alikuwa amezibandika karatasi zenye namba, moja hadi nne.

"Dada Diploma," Naim aliniambia akivaa kofia yake ya Ijumaa, "hizo namba aliandika Mzee. Usiziguse mpaka turudi msikitini."

Naim ni mpwa wa Mzee, mwana wa dada yake. Ndiye mpiga picha wetu. Mke wake Nasro alikuwa amejifungua majuzi.

"Namba ni namba, Naim," nikamjibu. "Ama za Mzee zina ladha tofauti?"

"Cheka tu. Mimi napitia duka la dawa, mtoto ana homa. Lakini nakwambia, ngoja Mzee."

Akaenda. Nikabaki peke yangu na ujuzi wangu.

Nikachukua diski yenye namba moja nikaiweka kwenye nafasi iliyoandikwa moja. Mbili kwa mbili. Tatu kwa tatu. Nne kwa nne. Mtoto wa chekechea angeweza. Nikawasha.

Kisanduku kipya kikaniuliza swali kwenye kioo cha kompyuta. Diski hizi sizitambui. Nizitayarishe upya? Kila kilichomo kitafutwa.

Msomaji, hapo ndipo mtu mwenye akili huondoa mkono kwenye kompyuta, akaenda kunywa chai. Mimi nilijiambia kwamba mashine mpya ni kama mbwa mpya, hubweka tu. Nilijiambia pia kwamba Mzee akirudi akakuta kazi imekwisha, atajua tofauti ya aliyesoma na asiyesoma.

Nikabonyeza ndiyo.

*

Mzee Osman alirudi akiwa na harufu ya udi na furaha ya Ijumaa. Akainama kukitazama kisanduku kipya. Akakaa hivyo, ameinama, muda mrefu kuliko mgongo wake unavyoruhusu.

"Nani alizipanga hivi?"

"Kwani zina nini, Mzee?"

"Moja yangu iko kulia! Mimi nimesoma kutoka kulia tangu chuoni kwa Maalim. Viti vya wageni napanga kutoka kulia. Picha ukutani kutoka kulia. Diski nimehesabu kutoka kulia. Hii mashine ya wazungu imehesabu kutoka kushoto. Mmezigeuza nyuma mbele!"

Nikatazama ukutani. Picha zote za maharusi, kutoka ya zamani hadi ya juzi, zilianzia kulia. Nilikuwa nimefanya kazi chini ya picha hizo siku zote, nisiulize hata siku moja.

"Na mashine haikuuliza kitu?" Mzee akasema. "Ilifuta tu?"

Ulimi wangu ukatoka mbio kabla yangu.

"Mimi nilizikuta zimeshaingizwa, Mzee. Nilitoka kidogo kunywa chai. Niliporudi ilikuwa inafuta."

Naim, aliyekuwa mlangoni na chupa ya dawa ya mtoto mfukoni, akacheka kwanza. Alidhani natania.

"Agneta, wacha mchezo, bana."

Sikumtazama.

"Agneta?"

"Sisemi ni wewe," nikasema. "Nasema nilizikuta zimeshaingizwa."

"Tulikuwa wawili humu! Kama si wewe, ni nani basi, jini?" Akamgeukia Mzee. "Mjomba, mimi nilikuwa msikitini. Si uliniona?"

"Nilikuona ukiingia hotuba inaisha," Mzee akasema taratibu. "Ulikuwa wapi?"

"Duka la dawa! Muulize huyu. Nilimwambia."

Mzee akaniuliza kwa macho.

Ningesema neno moja tu. Nimekuwa na maneno tangu nizaliwe. Mama yangu husema nilitoka tumboni nikibishana na mkunga. Siku hiyo nikalikosa hilo moja.

"Sikumbuki," nikasema.

"Naim," Mzee akasema, "huyu ana cheti. Anajua mashine inavyokwenda. Wewe una mikono isiyotulia, tangu utoto. Sasa umefuta mkate wetu, na bado unataka kumpakazia mtoto wa watu."

"Mjomba..."

"Nenda nyumbani. Ukae na mkeo. Nikikuhitaji nitakuita."

Naim akaivua kamera shingoni. Akaiweka mezani kwa utaratibu, kifuniko cha lenzi kikiwa mahali pake. Aliponipita hakunitukana. Afadhali angenitukana.

*

Jumatatu akaja mama mmoja amejifunga leso nyeusi kichwani. Nyaruai, mjane wa Kiarie, kutoka Moi's Bridge.

"Kijana wangu," akamwambia Mzee, ingawa Mzee alimzidi umri, "nimekuja kuchukua ngurario yangu."

Kwa wasioijua, ngurario ni siku ya kondoo. Bwana harusi huja na watu wake nyumbani kwa kina msichana, kondoo anachinjwa, naye anakata kiande, bega la yule kondoo, mbele ya wazee. Kwa Wakikuyu waliohamia Trans-Nzoia kama kwa waliobaki kwao, hata mkizaa watoto na wajukuu, kama kiande hakikukatwa mwanamke ni mgeni aliyekawia.

"Kiarie yuko mochari," Nyaruai akasema. "Ndugu yake, Ndirangu, anasema mimi sikuolewa. Ati nilikuja na begi nikasahau kurudi kwetu. Anataka kumzika Kiarie kwake, halafu nitoke shambani. Wazee waliomla kondoo wangu, wengine wamekufa. Wengine walitawanyika ule mwaka wa vita vya uchaguzi, sijui wako wapi. Wazazi wangu hawapo. Chifu ameniambia, mama, leta ushahidi. Nikamwambia ushahidi uko Kitale. Nyinyi mlipiga video, ama sivyo? Nakala yetu iliungua mwaka huo huo wa vita."

Mzee Osman alivua miwani akaipangusa kwa kanzu.

"Ilikuwapo, mama. Imefutwa. Kijana wangu ameifuta kwa ujinga wake."

Nyaruai hakulia. Alishika ukingo wa meza.

"Kijana gani?"

"Mpwa wangu. Naim."

"Mungu amwone," akasema. "Huyo Naim, Mungu amwone. Na yeye azikwe na wageni."

Nilisikia laana ile ikipita mbele ya uso wangu, ikienda nyumba ya mtu ambaye mtoto wake alikuwa na homa. Ilikuwa yangu. Ningeweza kunyoosha mkono niidake. Nikasema nini?

"Mama, usikate tamaa. Walioipiga ni watu wa tawi letu la Bungoma, kanda yenyewe huenda bado iko kwao. Nitakutafutia."

Msomaji, yule mama akazunguka meza, akanishika mikono yote miwili, akaibusu.

"Wewe ni malaika," akaniambia. "Mungu akupe mume mwema."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Unaona mtu aliyesoma?" akasema.

*

Kesho yake nilikuwa Bungoma. Tawi letu huko ni chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu, na msimamizi wake ni Nasimiyu, mwanamke wa kicheko kikubwa anayekata video huku akila njugu.

"Kanda ya nani? Kiarie? Aliyeipiga si alienda zake Juba? Na kanda si mlituambia tuzirudie, bana! Ukishaingiza video kwa kisanduku chenu cha Kitale, unarekodi juu yake. Ama mmeanza kutununulia mpya sijaambiwa?"

Ni kweli. Huo ndio utaratibu wetu, na ni mimi niliyeubandika ukutani kwake.

"Angalia tu, Nasimiyu. Nakuomba."

"Haki wewe leo umeomba? Agneta wa Mabanga ameomba? Ngoja nikae chini."

Akafukua katoni. Akasoma ubavuni mwa kanda moja baada ya nyingine, akitupa maganda ya njugu sakafuni. Mwisho akainua moja.

"Hii ndiyo ilikuwa ya huyo Kiarie. Lakini tumeirudia. Siku ya wakulima, kwenu Mabanga."

Tukaitia kwenye mashine. Akatokea bwana mmoja wa kilimo ameshika mdomo wa ng'ombe, anafundisha kutambua umri wake kwa meno. Ng'ombe. Meno. Ng'ombe. Tukapeleka mbele. Mahindi. Mbolea. Mheshimiwa fulani akikabidhiwa kuku.

"Pole," Nasimiyu akasema.

Halafu mvua ikanyesha pale kwenye kioo. Watu wa Mabanga wakakimbilia hemani, picha ikayumba, ikakatika. Chengachenga.

Na baada ya chengachenga, kondoo.

"Uuwi!" Nasimiyu akadondosha njugu zote. "Mvua iliwafukuza! Hawakuimaliza kanda!"

Alikuwapo Kiarie, hai, amevaa suti inayombana, kisu mkononi. Alikuwapo Nyaruai, mwembamba, amefunikwa shuka, anacheka. Wazee wamezunguka. Na aliyeshika mguu wa kondoo ili Kiarie akate kiande vizuri, aliyekuwa akisema "Kata hapa, ndugu yangu, usituaibishe," alikuwa mtu ambaye sikumjua.

"Huyo ni nani?" nikauliza.

Mmoja wa wazee pale kwenye kioo akanijibu. "Ndirangu, mshike vizuri huyo kondoo!"

Nililia, msomaji. Nililia nikiwa nimemkumbatia Nasimiyu, chumvi ya njugu ikanipaka shavuni. Nilijiambia kwamba Mungu amenisamehe bila hata kuniuliza nilichofanya. Sasa Nyaruai atamzika mumewe. Atabaki shambani mwake. Na Naim? Naim nitamsafisha baadaye, polepole, nikipata nafasi nzuri. Kwanza kanda.

Kwanza kanda. Ndivyo nilivyojiambia.

*

Baraza lilikaa uwanjani kwa chifu, Moi's Bridge. Chifu alikuwa mgeni katika lokesheni ile, mtu wa haki na wa haraka. Mzee Osman alileta televisheni ndogo. Nyaruai aliketi mbele, nami kando yake, kwa sababu alikataa niketi kwingine.

Ndirangu alikuwa mtu mnene, mtulivu, anayecheka kwa pua. Hakuonekana kuogopa. Hilo lingenitia shaka kama nisingekuwa bize kujipongeza.

Nikaweka kanda. Ng'ombe wakatokea. Watu wakacheka.

"Huyo ndiye bibi harusi?" Ndirangu akauliza, na wakacheka zaidi.

"Subiri," nikasema. "Kucheka ni kwa mwisho."

Mvua. Chengachenga. Kondoo. Waliokuwa wakicheka wakasogea karibu na televisheni. Kiarie akakata kiande, na sauti ya yule mzee ikasikika hadi barabarani: "Ndirangu, mshike vizuri huyo kondoo!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Nyaruai akafunika uso.

"Bwana Ndirangu," chifu akasema. "Wewe ndiye huyo?"

Ndirangu akasimama bila haraka.

"Chifu, ninaona mtu anayefanana na mimi. Ninaona pia ng'ombe wa Mabanga wakigeuka kondoo wa Kiarie. Video gani inaanza kwa meno ya ng'ombe inaishia harusini? Hii imeunganishwa. Na aliyeiunganisha ni nani? Ni huyu msichana. Ana diploma ya mambo hayo hayo."

"Kanda ilirudiwa!" nikaruka. "Mvua ilinyesha! Wewe umeshika kondoo kwa mikono yako miwili, leo unakana mikono?"

"Mdomo anao," Ndirangu akasema. "Lakini chifu, mimi sitaki tubishane na mdomo. Kanda inaaminika ikiwa mwenye kanda anaaminika. Si ni hivyo? Nina shahidi anayemjua."

Akapunga mkono kuelekea nyuma.

Naim akapita katikati ya watu. Alikuwa amekonda. Mzee Osman aliinuka nusu kwenye kiti chake, akaketi tena.

"Jina?" chifu akauliza.

"Naim. Nilikuwa nafanya kazi na huyu dada, Kitale." Akamtazama Nyaruai kwanza. "Mama, pole na msiba. Mimi sikuja kukuharibia. Ngurario yako sikuipiga mimi, na sijui kama hiyo kanda ni ya kweli ama si ya kweli. Nimekuja kwa sababu ya jina langu tu. Ninaambiwa nimelaaniwa kwa kitu sikufanya, na nina mtoto mchanga."

"Sema ulilokuja kusema," Ndirangu akamhimiza.

"Wewe nyamaza kidogo, mzee, mimi si wa kwako," Naim akamjibu, na hata chifu akatabasamu. Kisha akanigeukia.

"Zile diski alizifuta Agneta. Nilimwambia angoje, hakungoja. Mjomba alipouliza, alisema ni mimi. Nikafukuzwa. Ni hayo tu."

Ndirangu akaeneza mikono kama mtu anayefungua mlango.

"Mmesikia. Mtu anayeweza kumzulia mwenzake mchana kweupe, mjomba wake akiwa hapo hapo, hawezi kuzua kondoo?"

Mnong'ono ukapita uwanja mzima. Nilimwona mzee mmoja aliyekuwa ametikisa kichwa kwa kukubali kanda yetu akianza kujikuna kidevu.

Chifu akanielekezea kalamu.

"Binti, nitakuuliza kitu kimoja, na jibu lako ndilo nitakalopimia hiyo kanda. Anayosema huyu ni kweli ama ni uongo?"

Nikatazama kulia. Mzee Osman alikuwa ameinama, amevua miwani, hanitazami.

Nikatazama mbele. Naim alikuwa amesimama, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri picha.

Nikisema ni kweli, mimi ni mwongo, na kanda ya mwongo haizikishi mtu. Kiarie anakwenda kwa Ndirangu, na Nyaruai anatoka shambani na begi. Nikisema ni uongo, Nyaruai anashinda leo hii, jua likiwa juu, na Naim anarudi kwa Nasro na laana yangu kichwani mwa mtoto wao.

Mkono wa Nyaruai ukaingia ndani ya wangu. Ulikuwa mkavu, mgumu wa jembe, na ulinishika bila shaka hata kidogo.

"Waambie anadanganya, malaika wangu," akaninong'oneza. "Waambie tukamzike mzee wangu."

Chifu akauliza mara ya pili.

Nikasimama. Hadi nasimama, msomaji, sikuwa nimeamua.